Damu ya Mzee

Nilimnunua Kiboriloni kwa elfu nne,
yeye na fremu yake, chini ya rundo la mashuka.
Muuzaji alikuwa ananiuzia kioo.
Hilo likaratasi, alisema, utalitupa.

Bwana wa nywele za bandia, lesi shingoni,
kidole juu ya kitabu ambacho, ukimtazama, hajakifungua.
Uso wake haukunikawiza.
Mimi ni fundi mapazia, cherehani yangu iko Mbuyuni;
jicho lilipita begani kwake
likatua kwenye kitambaa.

Mita kumi na nne, nikakadiria. Kizito, kina bitana,
kimevutwa kando kwa kamba yenye kishada,
na pembeni upepo umekiinua
ndani ya chumba kisicho na dirisha.
Hakuna kitambaa kinachoanguka hivyo.
Nimekata vitambaa miaka thelathini na moja.
Hakuna.

Nikavaa miwani. Kumbe kiza cha kila kunjo
ni mistari tu, mstari juu ya mstari,
kama bandi za mshonaji asiye na haraka:
mtu ameliinamia bamba la shaba, ncha ya chuma mkononi,
anachimba hariri ambayo hataivaa.
Usoni kwa bwana alipita haraka.
Kwenye pazia aliacha macho yake.

Tazameni, pazia linasema, amefunuliwa.
Kishada kinaning'inia, hakisemi kitu,
ila sisi wa kazi hii tunajua:
kilichofunguliwa kwa kamba hufungwa kwa kamba.

Nyumbani Kidia kuna picha ya baba,
Aikaeli, karani wa mizani ya kahawa,
koti la kuazima, mkono juu ya meza ya duara,
na nyuma yake pazia la studio, la kifalme kabisa.
Mama ndiye alilishona. Magunia sita,
akayachemsha siku mbili katika rangi ya damu ya mzee
hadi kuku wakakimbia uani.
Mpiga picha alimlipa kwa picha hiyo moja.

Nimekua nikiiona. Jana tu,
kwa miwani ile ile,
kwenye kunjo la tatu, juu kidogo ya bega la baba,
nikaona herufi zilizokataa kufa kwa rangi:
daraja la pili, kilo sitini.

Gunia lina pande mbili.
Na mama, jamani,
hakuwa mtu wa kukosea upande wa kitambaa.