Daftari la Kaisu

Kiwanda cha kufulia cha hospitali, Tampere.
Nje theluji; ndani mvuke,
na shuka za wagonjwa zikitoka kwenye pasi kubwa
kama barua isiyo na mwandikiwa.

Jarkko hakumpiga Kaisu.
Naanza hapo kwa sababu ndipo watu huanzia:
"Kwani alimfanya nini?"

Alimsahau.
Alisahau jina lake kwenye orodha ya zamu,
kiti chake mkutanoni,
salamu yake mlangoni,
kila siku, miezi kumi na mmoja.
Msahaulifu wa kweli huteleza, siku moja akakumbuka.
Jarkko hakuteleza.

Au alikumbuka, mbele za watu:
"Bibi wewe, hata mashine imekuchoka."
Tukacheka.
Nami nilicheka.

Haba na haba hujaza kibaba,
lakini hatukuwahi kuuliza
kibaba kikijaa, nani atakibeba.

Februari nilimkuta ndani ya gari lake,
injini imezimwa, kioo kimeganda,
mikono bado kwenye usukani.
Nikagonga. Akanipa daftari dogo la buluu:

*Tarehe 9. Zamu imebadilishwa, sikuambiwa. Shahidi: Sanelma.*
*Tarehe 14. Kicheko. Mashahidi: wote.*

Nilijitafuta katika neno "wote".
Nilikuwamo.

"Naandika," alisema, "nisije nikadhani naota."

Namba ya Eevi, mjumbe wetu wa usalama kazini,
ilikuwa ukutani nyuma ya makoti
tangu siku tulipoajiriwa.
Ilibidi tusogeze makoti.

Eevi hakusema vumilia.
Hakusema labda ulimwelewa vibaya.
Aliuliza: lini? Nani alikuwapo?
Daftari likajibu.
Akampeleka kwa daktari wa kazini, kwa sababu ya usingizi,
akaandika kwa meneja, nakala kwa chama,
na akatuonyesha mlango mwingine:
wakaguzi wa kazi wa serikali,
meneja akitia pamba masikioni.

Sijui itaishaje.
Jarkko bado ana funguo, bado anapiga mluzi koridoni.
Lakini jina langu sasa liko kwenye karatasi,
peke yake, nje ya "wote",
na wino wake haufuliki.

Leo alfajiri nilisema, "Huomenta, Kaisu."
Mashine zilikuwa zikinguruma, hakusikia.
Nikazunguka meza ya kukunjia,
nikasema tena.