Hodi, Chumba cha Nyuma

Arua, saa tatu usiku, umeme umerudi.
Kompyuta ya baba inanguruma chumba cha nyuma;
kioo chake kilipasuka wiki ya matanga,
kipofu mwenye kumbukumbu.

Sebuleni, kwa laptopu ya Drateru,
napiga hodi: namba, nukta, namba, nukta.
Kimya.
Kumbe panya ameguguna waya.
Nauunga kwa utepe, narudi kwenye kipanya changu.

Nywila?
Jina la mama: hapana.
Langu: hapana.
Naandika jina la baiskeli yake,
Mwendapole.

Karibu.

Meza yake yote yanifungukia magotini:
picha za mihogo, barua kwa benki,
jedwali la Karo ya Letaru,
muhula wa tatu haujajazwa.

Mama amesimama mlangoni, chai mkononi.
“Umemkuta?”