Barua ya Jumatano

Tangazo lililetwa Ijumaa, saa tisa na robo,
na dereva wa halmashauri, gari likiunguruma nje.
"Nakala tatu, mama Fadina. Tatu zinatosha."
Moja ya ubao wa ofisini, moja ya mahakama ya mwanzo,
ya tatu sijui iliishia wapi.

Mtunza Kumbukumbu, Daraja la Pili. Nafasi moja.
Mwisho wa kupokea maombi: Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mimi hapa Nachingwea nauza karatasi.
Nakala shilingi mia, barua kuchapa elfu moja,
bahasha ya kaki mia mbili,
gundi bure kwa anayeomba vizuri.
Kazi yangu kutoa, si kusoma.
Lakini jicho halina mfuniko,
na ile namba ya kumbukumbu niliijua.

Niliichapa Jumatano.

Alikuja binti mpole, viatu vimefutwa vumbi,
barua ameiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari:
"Tafadhali rejea tangazo lako la tarehe..."
na tarehe ilikuwa ya Ijumaa.
Nikadhani amekosea. Nikamwuliza.
"Andika hivyohivyo, mama. Ndivyo nilivyoambiwa."
Nikaandika hivyohivyo.
Akaniachia chenji.

Jumamosi foleni ilifika kwa fundi baiskeli.
Bakili wa Ruponda, stashahada ndani ya mfuko wa plastiki
ndani ya mfuko mwingine wa plastiki.
Somoe, miaka mitatu anajitolea masijala bila mshahara,
hata umeme ukikatika analitoa jalada kwa kupapasa.
Hokororo, nauli kaazima kwa shemeji,
anatafuta hakimu wa kugonga mhuri
na hakimu yuko msibani, Mnero.
Wakachanga mafuta ya bodaboda, wakamfuata.
Mhuri uligongwa juu ya tanki la pikipiki,
vyeti kumi na moja, matanga yakiendelea.

Jumatatu saa tano akashuka kijana wa Kilimarondo.
Habari kaipata jana usiku, kwenye simu ya mjomba.
Nilimpa maji.
Aliyanywa amesimama, macho kwenye saa yangu ya ukutani
kana kwamba mimi ndiye niliyeizungusha.

Niliwaambia? Sikuwaambia.
Nilichapa barua thelathini na nane.
Fadina alilipiwa ada siku ya Jumanne.

Na huenda, nasema huenda,
maana usiku mtu hujitafutia wakili,
huenda binti yule anafaa kuliko wote.
Huenda ni mjomba mmoja tu mwenye mdomo mwepesi,
na waliokaa mezani hawakumjua hata kwa jina.
Huenda.

Lakini korosho zetu, korosho tu, za kutafunwa,
zinauzwa tumekaa hapohapo kwenye viti vya plastiki:
sanduku linafunguliwa, bei inasomwa kwa sauti,
na mkulima wa magunia mawili
anaweza kusimama akasema siuzi,
mnada mzima ukasimama naye.
Kazi ya binadamu inauzwa wapi?
Nani alikuwepo?

Wiki ya sita alirudi, kitambulisho kifuani,
kununua majalada mia mbili.
Aliyahesabu mara mbili, akadai risiti, akashukuru.
Sikuona cha kumchukia, nami nilikitafuta.
Aliyekuja naye kubeba alikuwa Somoe.
Alijitwika mia na hamsini.
"Hayo ya kijani si ya watumishi, dada," akamwambia,
"ni ya ardhi. Twende, nitakuonyesha."

Jioni nikawasha kompyuta.
Ile barua bado ipo, kati ya kadi za harusi na mitihani ya majaribio:
imehifadhiwa Jumatano, saa kumi na dakika nane.
Kila siku mkono unaisogelea.
Sijaifuta.
Na sijaitoa nakala.