Taarifa ya Bustani, Wiki ya Tatu

Nyanzala, kabla ya yote: nyanya zi hai.
Nimeanza na hilo usije ukasoma kwa wasiwasi.
Mvua ya mwisho ni ile ya Mei, ulikuwepo.
Tangu hapo mbingu juu ya Bugarika ni bati tupu,
na majabali yanakunywa jua mchana kutwa,
hata usiku ukiyagusa yana homa.

Maji ya bomba yalikuja Jumanne, saa nane za usiku.
Yakakohoa, yakatema kutu,
yakajaza ndoo sita, yakaondoka bila kuaga.
Nimeyagawa ulivyoagiza:
nyanya makopo mawili kila shina, chini, si juu ya majani;
bamia kopo moja, bamia haina makuu;
mchicha, maji ya kuoshea mchele.
Maua, ulisema, yapate yatakayobaki.
Hayakubaki.

Na ziwa naliona kutoka jikoni, maji yote yale,
yamelala hapo chini kama shamba la mtu tajiri,
nasi huku juu tunahesabu vikopo.

Sasa yale usiyoyapenda.
Pimbi wameshuka mwambani.
Si mmoja, ni ukoo mzima, na nyanya yao na vitukuu.
Sukuma wiki ya kona ya juu imebaki vijiti.
Nimetundika makopo. Nimetundika shati langu la kazini,
lile la bluu. Kesho yake nikamkuta mmoja
ameketi kivulini mwa shati, anatafuna,
ananitazama kama tuliyesoma naye.
Mugeta wa ng'ambo ya ngazi akasema nimwage pilipili.
Nimemwaga.
Wamekula na pilipili.

Kulwa alileta gunia la magugu maji makavu toka Mwaloni,
nikayatandaza chini ya bilinganya.
Udongo umeshika unyevu, ulisema kweli.
Kulwa anadai elfu mbili. Nimempa moja na majani ya maboga.

Lipo jingine, sijui niliandikeje.
Jana nilikuwa nimechuchumaa, nang'oa ndago,
saa nne kasoro, jua ndiyo kwanza linaruka jabali la Mama Nkwimba,
na yale maua yako madogo, ya kwenye sufuria lililotoboka,
ambayo miaka kumi na moja nimeyajua kama vifundo,
vifundo vya uzi usio na nguo,
yakafunguka.
Wala si polepole. Niligeuka kumfukuza kuku,
niliporudisha macho moja lilikuwa wazi,
halafu la pili, la rangi ya chungwa,
halafu njano, halafu jeupe lenye mshipa mwekundu,
sufuria zima likawa linaongea.

Mimi hutoka hayajaamka,
hurudi yamekwisha lala.
Kumbe kila siku, nikiwa stoo nahesabu marobota,
natia sahihi, nagombana na mizani,
hapa kulikuwa na shughuli hii,
na wewe unaihudhuria peke yako,
kanga kiunoni, mikono ina udongo.

Mbona hukuniambia?
Au uliniambia, nami nikauliza chai.

Basi jana sikuoga.
Ndoo yangu niliimimina pale, yote,
huku nikitazama nyuma kama mwizi,
maana nyanya zilikuwa zikiniona.

Mpe mdogo wako pole na hongera.
Mtoto akishakubali kunyonya, panda meli ya Ijumaa,
nitakuwa gatini na mkokoteni wa Kulwa.
Nyanya mbili za kwanza zimeiva.
Moja nimeila bila chumvi, nimesimama palepale.
Ya pili nimekuwekea dirishani,
ingawa upande mmoja imeanza kulainika.

Na maua yale, yanaitwaje?
Nilimuuliza Mugeta.
Akayatazama sana, akakuna kidevu,
akasema: "Hayo? Hayo ni maua."