Kisigino

Mama yao aliniambia: nataka wakae kama watu.
Amewavisha nguo za Idi, na Idi bado miezi mitatu,
amewapaka mafuta hadi mapaji yanarudisha jua,
akawapanga barazani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mkubwa, wa kati, mdogo,
kama vikombe kabatini.

Vikombe vilikaa sekunde nne.

Picha ya kwanza: Hizza, kidole puani.
Ya pili: kiti kipo, Hizza hayupo.
Ya tisa: Mwajabu anamfundisha paka kuamkia.
Ya kumi na sita imetoka safi kabisa,
ni ya dirisha la jirani.

Mimi mchoraji. Kamera kwangu ni kamba tu ya mbuzi:
namfunga mtoto kidogo, nikamchore nyumbani,
maana hakuna mtoto wa kukaa saa tatu akitazamwa pua.
Nikasema, tulieni. Wakatulia
kama maziwa yanayokaribia kufurika.
Nikasema, chekeni. Wakatoa meno
kama wanaokaguliwa na bwana afya.

Nikachoka. Nikakaa kwenye ngazi, nikamenya chungwa la Muheza.

Hapo wakaja wenyewe.
Nikabonyeza kamera tumboni, bila kuchungulia, mkono mmoja,
na wa pili umeshika chungwa juu, wasilifikie:
Hizza amenyoosha mkono mpaka kwapa limechanika,
Mwajabu amecheka na pengo lake lote,
pengo la wiki ile, jeusi, la mbele.

Shekue hakukubali.
Tangu asubuhi alikuwa nyuma ya mlango,
alikuwa ndani ya kanga ya mama,
alikuwa kishindo uani.
Katika picha mia mbili na kumi na nne
nina kisigino chake kimoja, kinatoka kwa kulia.

Usiku nikazibandika ukutani.
Jicho nikalichukua ya arobaini na moja,
shavu ya themanini, shingo ya themanini na mbili.
Kamera karani mvivu: kivuli cha shavu imekiandika cheusi, basi,
nami nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa zambarau,
na chini ya kidevu, kijani cha shati kilipanda kidogo.
Nikakitafuta kijani kile siku mbili.

Rangi ya mafuta haina haraka.
Ilipokauka, Mwajabu akaja kutazama,
akatazama sana, akatikisa kichwa.
"Huyu si mimi." Akapanua mdomo:
jino jipya, kingo zake kama msumeno mdogo,
na ulimi unalipitia, unalipitia.

Baba yao fundi baiskeli. Akahesabu kwa kidole chenye grisi:
mmoja. Wawili. Wa tatu?
Nikamwonyesha ukingoni.
"Na kisigino hiki nacho nilipie?"
Tukavutana. Mimi nasema mguu, yeye anasema wayo,
mimi nasema kazi, yeye anasema spoku moja si gurudumu.

Mama akatoka jikoni, unga hadi viwikoni,
akainama mpaka pumzi yake ikagusa rangi.
"Huyu Shekue. Si hili hapa kovu,
alikanyaga kigae mwezi wa Rajabu."
Mimi nilidhani ni vumbi la lenzi.
Nililichora kwa kuwa lilikuwepo.

Wakalipa watoto wawili na robo.

Nilipokuwa nafunga mkoba, mlango ukatoa jicho,
kisha pua, kisha Shekue mzima,
wa kwanza kwangu kumwona mzima,
akasimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama mnunuzi.
Akamtazama kaka yake aliyenyoosha mkono,
akaufuata mkono ule hadi kwenye vidole,
na baada ya vidole, hakuna.

"Na chungwa?" akauliza.