Saba Juu ya Kumi na Tano

Mimi ni karani wa vifurushi, stesheni ya Tabora.
Miaka ishirini na miwili nagonga muhuri
juu ya magunia ya karanga, madumu ya asali,
baiskeli iliyofunguliwa vipande iende Mpanda,
na hakuna aliyewahi kuniuliza: huu ni wa ngapi?

Ndiyo maana nilisimama
siku ile Kalunde Mihambo, uani kwake Isevya,
alipobandua karatasi kwenye kibao cha mninga
taratibu, kama anayemvua mtoto shati lililoganda kidondani,
akachonga penseli kwa wembe,
akaandika chini ya picha, pembeni: 7/15.
Kisha jina lake.
Mbona penseli? nikauliza.
"Wino hupauka. Penseli haina pa kwenda."

Mwezi juu ya reli tatu:
ya Kigoma, ya Mwanza, na ya kurudi.
Chini, mwanamke na dumu la asali.
Hana uso, ni kisogo tu.

Nililipa nusu mshahara.
Nyumbani nikasema ni kalenda.

Zilipotimia kumi na tano
alikikwaruza kibao kwa patasi, kona hadi kona.
Jirani akakiomba akasukumie chapati.

Hapo ugonjwa ukanianza.
Nikanunua daftari, nikaandika nani ana ipi.
Ya kwanza, mganga mkuu alihama nayo Sumbawanga.
Ya tisa iko kwa kinyozi Sizya, Kanyenye, juu ya kioo;
imerukiwa povu, mwezi umeota ndevu.
Ya kumi na moja Mrisho wa buchani aliichukua kwa deni la maini,
sasa inaziba upepo dirishani.
Ya nne na ya tano ziliungua pamoja, duka la magodoro, Cheyo.
Ya tatu, ya Bi Zuhura Kapambala wa Ng'ambo,
iliingiwa na mchwa masika yaliyopita.

Na mimi, Mungu anisamehe,
kila msiba ulipotangazwa
nilifungua daftari, nikapiga mstari,
nikahesabu zilizosalia kwa kidole chenye mate
kama anayehesabu noti.
Zikipungua, yangu inapanda.
Nilikwenda kumpa pole Bi Zuhura
uso umekunjamana, tumbo linacheka.

Yangu ilikuwa sanduku la bati, chini ya kitanda,
kati ya kanga mbili mpya, na karafuu za kufukuzia mende.
Sikuwa nimeiona tangu mfungo.

Juzi hodi. Bi Zuhura.
"Nasikia unayo. Naomba niitazame tu.
Nimezoea kuiona asubuhi nikijifunga kilemba."

Nikaitoa. Nikamwekea kiti.
Akaitazama mpaka chai ya maziwa ikaota utando.
Kisha akatikisa kichwa.
"Siyo."

Siyo vipi, mama? Kibao kimoja, mkono mmoja.

"Yangu ilikuwa na doa hapa, begani,
rola ilipokosa wino. Mimi nilisema kabeba mtoto.
Na hii reli ya katikati
ilikatika kidogo kabla ya kuufikia mwezi.
Kijana wangu alipokaa mwaka bila barua
nilikuwa natazama hapo, palipokatika."

Akanywa chai ya baridi bila kulalamika.
"Yako ina nini?"

Nilijua namba. Nilijua bei.
Nilijua zilizo hai na zilizokufa, na tarehe.
Nikamwambia, karibu tena.

Usiku nikaiegemeza ukutani,
nikapiga magoti na tochi
kama mtu aliyedondosha shilingi.
Treni ya Kigoma ikapita, vikombe vikagongana kabatini.
Mke wangu akauliza: kalenda gani hiyo haina tarehe?

Kwenye dumu la asali, upande wa kushoto,
kuna alama ya kidole.
Chake Kalunde, labda, alipoishika mbichi.
Au changu mimi, siku ile ya kwanza,
nilipoipokea bila kungoja ikauke.

Nimeweka kidole juu yake mara mbili.
Mara inaenea. Mara haienei.