Swali la Saba

Sikio langu la kulia lilikufa nikiwa na miaka sita,
homa ya majira ya baridi, barabara imefungwa na theluji,
na zahanati ng'ambo ya mlima.
Tangu hapo hukaa upandeupande,
kama kuku anayechungulia punje,
nikimpa mwalimu shavu badala ya uso.
Mwalimu Dou alikwisha nizoea.
Lakini mwezi wa sita, siku ya mtihani wenyewe,
msimamizi alikuwa mgeni, na kiti changu kilipangwa na kompyuta:
safu ya dirishani, spika kuliani.

Mji mzima wa Liangkou ukabana pumzi.
Madereva walikatazwa honi.
Winchi ya ghorofa jipya ilisimama na tofali lake hewani.
Mzee Kang wa bustani alipewa ufito
akawatishe vyura bwawani wasije wakatuharibia maisha.

Spika ikakwaruza, ikakohoa.
Wakaingia wale wawili,
mwanamume na mwanamke wasio na majina
tulioishi nao miaka mitatu.
Daima mvua inawanyeshea. Daima treni inawaacha.
Yeye kasahau funguo, mwenzake anaulizia posta,
na hawajawahi kugombana, hata siku moja,
hata kwa bei ya mwavuli:
kumi na tatu, au thelathini?
Kwa Kiingereza tofauti yake ni unyuzi,
mlio mdogo wa puani mwishoni mwa neno,
na juu ya unyuzi huo tulitembea, watu thelathini,
kila mmoja na penseli yake.

Masikio hayapiti kichwa, wanasema.
Langu moja lilipita. Lilitoka dirishani.

Maana huko nje, nyuma ya ua, baba alikuwa anakuja
na baiskeli yake ya magurudumu matatu,
na kile kipaza sauti alichokirekodi mwenyewe
mwaka niliozaliwa, akiwa bado na meno yote:
*Tofu! Tofu laini! Tofu ya leo!*
kwa lafudhi ya kwetu, ile wanayoicheka wa mjini.
Sauti hiyo nimeilalia, nimeiamkia.
Huingia hata kwa sikio lililokufa, kupitia mfupa.

*To*—

Ikakatwa. Hapo hapo, kama uzi kwa jino.

Nikamwona bila kumwona:
kidole kwenye kitufe, uso umemwiva kwa haya,
anamtazama askari wa lango kama mwizi wa kuku.
Nikangoja aendelee. Hakuendelea.
Nilipogeuza shavu darasani
yule mwanamke alikuwa anamshukuru yule mwanamume,
sijui kwa lipi,
na swali la saba lilikuwa limeshapita.

Nikaweka B. B ni ya wanaozama.

Kisha kusoma, ambako wenye sikio moja na wenye mawili
tuko sawa.
Habari ya bwana mmoja wa nchi ya baridi
aliyehesabu nyuki wake kila jioni, akiandika daftarini.
*Neno "hicho," mstari wa kumi na mbili, linarejelea nini?*
*Mwandishi anadokeza nini kuhusu subira?*
Nilisoma mara mbili. Nilitaka kumwuliza huyo mwandishi
kama nyuki wakinyamaza huwahesabu vipi.
Nafasi ya swali hilo haikuwepo.
Nikapaka weusi C, C, A, D.

Saa kumi na moja jioni lango likafunguliwa.
Wazazi wengine walishika maua, matikiti, feni za mkono.
Baba alishika usukani.
Ndoo zilikuwa zimejaa vilevile,
maji ya tofu yameanza kunuka uchachu kwa joto.
Hakuniuliza, "Imekuwaje?"
Alisogea tu, akanipisha kukaa pembeni ya mizigo,
upande wake wa kulia, ili yeye awe kwa sikio langu zima.

Tulipita bwawa. Mzee Kang amelala, ufito kifuani,
na vyura wanapiga kelele za kulipizia.
Nikanyoosha mkono mbele, nikabonyeza kitufe.

—*fu laini*, ikasema sauti ya kijana,
mtu mzima ishirini na tano, mwenye meno yote.
*Tofu ya leo!*